Kufutwa kwa Kimo

Ipo nchi moja, msiniulize jina wala iko upande gani wa dunia, ambayo rais wake huitazama kupitia dirisha la ndege. Si kwa majivuno. Barabara za nchi hiyo zimechakaa kiasi kwamba mgongo wa thamani kama wa Mtukufu ukipitishwa humo, usalama wa taifa utakuwa mashakani. Kwa hiyo kila mwaka, mavuno yakishaanikwa, Mtukufu hupanda ndege, huagiza iende aste aste, hufunua pazia, na kuwatazama wananchi wake na maendeleo yao kutoka mawinguni. Safari hiyo huitwa Ziara ya Juu. Magazeti ya huko, ambayo ni mawili na yana mhariri mmoja, yamekwisha kuthibitisha kwamba hakuna kiongozi aliyewahi kuwa karibu hivyo na watu wake.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mkandarasi mmoja, shemeji wa mtu, alipopewa kazi ya kujenga shule katika kijiji cha Kwebamba. Saruji ikaenda ilikokwenda. Nondo zikaifuata. Ziara ya Juu ikakaribia na pale kiwanjani hapakuwa na tofali hata la kukalia. Palikuwa na mabati tu, kwa sababu mabati yenyewe yalikuwa mabovu na hayakupata mnunuzi. Mkandarasi hakuwa mjinga. Aliyapanga juu ya nyasi, akayapaka rangi nyekundu, akaandika jina la shule kwa herufi kubwa nyeupe, kisha akaketi kivulini akinywa soda. Ndege ikapita. Mtukufu akachungulia, akasema, "Ile ndiyo shule. Tazameni paa lilivyonyooka." Mkandarasi akavishwa nishani, na wakandarasi wengine wote wakajiuliza siku zote hizo walikuwa wanahangaika na kuta za nini.

Haikuchukua muda nchi ikajaa mapaa. Hospitali ilikuwa bati jeupe lenye msalaba mwekundu, limelala chini kama mkeka, na wagonjwa wamelala juu yake. Bwawa la umwagiliaji lilikuwa turubai la buluu lililobanwa kwa mawe pembeni. Jengo la ghorofa saba lilikuwa bati moja lililoandikwa namba saba. Watoto walisomea juu ya shule, na mvua ikinyesha walirudi nyumbani, maana ilikuwa inanyesha darasani. Wauguzi walizoea kutembea kwa ncha za vidole, kwani bati la saa nane mchana halina huruma. Wananchi wenyewe waliagizwa kwamba ndege ikipita walale chali, mikono wameitanua. Mtu aliyesimama, akitazamwa kutoka juu, ni kichwa tu, na kichwa kimoja kimoja hakipendezi pichani.

Kasheshe ilizuka balozi wa nchi rafiki alipokwenda kuzindua hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Aliizunguka, akauliza mlango uko wapi. Wakamjibu kwamba hospitali za nchi hii ziko wazi kwa wote. Akauliza, sasa ndani ni wapi? Hapo ngoma za asili zikaanza kupigwa kwa nguvu sana na hakuna aliyesikia swali lake la tatu.

Serikali ikakaa kikao. Ikagundua kwamba tatizo halikuwa ujenzi. Tatizo lilikuwa elimu. Watu walikuwa wamefundishwa vibaya, wakazoea kutafuta ndani ya vitu. Ndipo alipoitwa Profesa Hemedi Shekiondo.

Profesa Shekiondo alikuwa mwanahisabati wa kweli. Hilo lazima tumpe. Alikaa ng'ambo miaka mingi akisomea jiometri, akarudi na shahada, miwani, na koti zito ambalo hakulivua hata kwenye joto la Februari. Chuo kikuu mtu huyo mrefu alifundisha habari za maumbo, na wanafunzi walimwogopa. Lakini moyoni alikuwa na kidonda: hakuna aliyewahi kumwita. Wenzake wa siasa waliitwa. Wa uchumi waliitwa mpaka wakaanza kujificha. Hata mwalimu wa ufugaji nyuki aliwahi kuitwa, akarudi na kofia. Yeye, tangu nchi ipate uhuru, hakuna mkubwa aliyewahi kuhitaji pembetatu. Kwa hiyo gari la wizara lilipokuja kumchukua, alipanda kabla dereva hajasema anampeleka wapi.

Alipelekwa kwa Waziri wa Vipimo, Mheshimiwa Kilumanga, mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi.

"Profesa," Waziri alianza, "hivi vipimo duniani viko vingapi?"

"Inategemea, Mheshimiwa. Nukta haina hata kimoja. Mstari una kimoja, ambacho ni urefu. Kivuli ukutani kina viwili, urefu na upana. Sanduku lina vitatu: urefu, upana na kimo. Wengi huishia hapo. Lakini sisi wanahisabati twaweza kwenda vinne, vitano, kumi, hata visivyo na mwisho."

"Visivyo na mwisho!" Waziri alishika kidevu. "Na vyote hivyo mnavifanyia nini?"

"Ni vya kufikirika tu, Mheshimiwa."

"Basi kumbe jambo lenyewe rahisi! Nyie wasomi mmejilimbikizia vipimo visivyo na mwisho, na serikali inawaomba mpunguze kimoja tu. Kimo. Ndicho kinacholeta maneno."

Profesa alijua vizuri kabisa, kama ajuavyo jina lake, kwamba kitu chenye urefu na upana bila kimo hakiwezi kubeba hata punje ya mtama. Ujazo wake ni sifuri. Darasa lisilo na kimo halina mwanafunzi, bwawa lisilo na kina halina maji. Hilo halikuhitaji shahada. Aliwahi kumchapa mtoto wa ndugu yake kwa kutolijua. Neno lilimfika kooni, nalo lilikuwa "haiwezekani". Kisha macho yake yakapita dirishani, yakatua uani, kwenye gari jeusi lenye pazia nyuma na kijiti cha bendera mbele.

"Lile gari la nani, Mheshimiwa?"

"La Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Vipimo."

"Mkurugenzi Mkuu ni nani?"

"Ndiyo hayo tunayozungumza," alisema Waziri.

Profesa alilimeza lile neno. Halikumkwama hata kidogo.

Mwezi uliofuata alihutubia taifa uwanjani, ndani ya koti lake, jasho likimtiririka. "Ndugu wananchi," alisema, "kimo ni nini? Kimo ni maoni ya mtu aliyesimama karibu mno na kitu. Anayekaa chini ya ukuta huona ukuta ni mrefu. Anayetazama kutoka juu huona ukuta ni mstari. Nani kati yao anaona zaidi? Sayansi inatufundisha tumsikilize anayeona zaidi. Kwa hiyo nathibitisha, kitaalamu, bila woga wala upendeleo, kwamba kipimo cha tatu hakipo, na kama kiliwahi kuwepo, kililetwa na wakoloni." Watu wakapiga makofi. Waliopiga kwa moyo ni wale waliokuwa wameambiwa wakipiga watapata wali.

Sheria ya Kufuta Kimo ilipita bungeni kwa sauti moja, wabunge wakiwa wamelala chali juu ya mazulia kuonyesha mshikamano. Kimo kinachokwenda juu kikafutwa, na kile kinachokwenda chini, yaani kina, kikafutwa pamoja nacho. Askari wa Vipimo wakapita nyumba kwa nyumba wakikusanya ndoo, mapipa na vyungu, na badala yake kila kaya ikapewa sinia. Mkiona nchi ambayo wanawake wanateka maji kwa sinia na kufika nyumbani na vidole vilivyolowa, mjue mmefika. Visima havikufukiwa, kwa maana kufukia kisima ni kukiri kwamba kipo. Vilifunikwa kwa picha za visima.

Palitokea ugumu mmoja wa kisheria. Mtu mmoja alikamatwa akichimba choo, akafikishwa mahakamani, na hakimu akauliza anashtakiwa kwa kuchimba nini. Mwendesha mashtaka akafumbua mdomo, akaufumba. Angesema shimo, angekuwa amekubali kwamba kina kipo, na kesi ingehamia kwake. Akaitwa Profesa. Naye, kwa akili ile ile iliyompatia shahada, akatoa ufumbuzi ambao mawakili waliupigia makofi: shimo lisitajwe kabisa. Mtu yule ashtakiwe kwa kosa la kuwepo mahali pasipokuwepo. Akafungwa. Tangu siku hiyo, yeyote aliyeonekana ameshuka popote alikuwa mhalifu, hata kama alianguka.

Sasa, watu hawaachi kufa kwa sababu ya sheria. Ikaamriwa maiti walazwe juu ya ardhi, ndani ya mstatili wa chokaa wenye urefu na upana wa kutosha, na wafunikwe kwa kitambaa cha kijani kilichochapwa maua. Asubuhi yake mstatili ulikuwa mtupu. Ndugu walipouliza, Mamlaka iliwajibu kwamba marehemu amehama. Fisi wa nchi hiyo walinenepa wakawa hawamkimbii mtu. Walikuwa wakikaa kando ya barabara kama watumishi waliostaafu.

Profesa aliyajua hayo yote. Alipita barabara hizo. Lakini pazia la gari lilikuwa zito na lenye kuvutwa kirahisi.

Huko Kwebamba, pale pale palipolazwa bati la kwanza, alikaa mama yake, Bi Zahabu. Alikuwa mwanamke wa ulimi mkali, mjane, aliyemsomesha Hemedi kwa kuuza vyungu alivyovifinyanga mwenyewe, na askari walipokuja kuvichukua vyungu hivyo aliwamwagia maji ya kuoshea vyombo. Askari hawakumkamata kwa kuwa alikuwa mama wa Mkurugenzi Mkuu. Walimwomba radhi, wakaondoka na vyungu.

Alipougua, Profesa alikwenda kumtazama. Alimkuta kitandani, amebaki mifupa, macho makali vilevile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umeingia umesimama? Nilidhani wakubwa siku hizi mnatambaa."

"Mama, ile ni sera tu."

"Eti sera. Nilikanda udongo usiku na mchana ukasome, umekwenda ng'ambo kote huko, ukarudi kuwaambia watu chungu hakina ndani." Alikohoa, akapumzika. "Hemedi, kaa hapa. Mimi siku zangu zimekwisha, usinipambie maneno. Sitaki kile kitambaa chenu cha maua. Sitaki kuburutwa na fisi kama mbuzi asiye na mwenyewe. Nikifa, unichimbie."

Kwebamba wana desturi yao. Kaburi halipimwi kwa futi wala kwa kamba. Mtoto mkubwa wa marehemu husimama ndani yake, na ardhi ikimfika kifuani, wachimbaji huacha. Kisha yule mtoto hubaki humo humo, akanyoosha mikono, akampokea mzazi wake na kumlaza. Hakuna anayeweza kumshikia nafasi, maana kila kaburi lina kipimo cha kifua cha mtu mmoja.

"Kwa baba yako ulisimama," Bi Zahabu aliendelea. "Ulikuwa bado kijana, ndevu hazijaota. Ukampokea, ukamlaza, hukulia mpaka ulipotoka. Nilijivunia siku ile kuliko siku uliyoleta hiyo shahada."

"Tutaangalia utaratibu, mama."

"Sijakwambia uangalie utaratibu. Nimekwambia ushuke."

"Sawa, mama."

"Sema nitashuka."

Profesa akatazama kwanza dirishani kama dereva yuko karibu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa, "Nitashuka." Bi Zahabu aliliona lile jicho lililokwenda dirishani. Aligeukia ukutani, na Profesa akakaa pale akimtazama mgongo, akampenda mama yake kwa uchungu kama mtoto aliyepotea sokoni. Hilo nalo tumpe. Alimpenda kweli, na hakumfaa kitu.

Bi Zahabu alifariki wiki ile ile ya Ziara ya Juu, jambo ambalo wizara ililiona si la kiungwana. Wiki hiyo pia ilisemekana kwamba Mtukufu angeunda baraza jipya, na jina la Shekiondo lilikuwa linatajwa katika nyumba zenye mageti marefu. Profesa alifika kijijini asubuhi. Mama yake alikuwa amekwisha kuoshwa na kuvikwa sanda, amelazwa kwenye machela chini ya kivuli cha turubai, na jua lilikuwa linapanda.

Makaburini alimkuta Mkaguzi Kibaja wa Mamlaka ya Vipimo, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, kashika debe la chokaa. Pembeni kuna kitambaa kimekunjwa vizuri. "Pole sana, Profesa," alisema Mkaguzi, akakifungua aone. "Kwa heshima yako tumeleta chenye maua makubwa."

Kwa upande wa pili walikuwa wamesimama wanakijiji na majembe yao. Aliyewatangulia alikuwa Shaweji, jirani wa Bi Zahabu, mchoma mkaa mfupi, mlevi wa kiasi, ambaye mbuzi wake walikula mihogo ya marehemu na ambaye marehemu alimtukana kila wiki kwa ajili hiyo.

"Hemedi," alisema Shaweji, maana yeye hakuwahi kumwita profesa, "tuanze? Jua linamwingia mama."

"Subirini kidogo. Napiga simu mara moja."

Mtandao Kwebamba ulipatikana juu ya kichuguu tu, kitu ambacho kisheria hakikuwepo. Mkurugenzi Mkuu akakipanda, koti likamnasa kwenye miiba, akamtafuta Waziri.

"Mheshimiwa, nina msiba."

"Nimesikia. Pole. Mtukufu anaruka kesho kutwa, hakikisha huko kwenu kuko bapa."

"Mheshimiwa, nina wazo la kitaalamu. Sheria inaruhusu vipimo viwili, lakini haisemi vielekee wapi. Katika jiometri tunaweza kugeuza mihimili. Tukichukua urefu tukauacha ulivyo, halafu upana tukauelekeza chini..."

"Upana unaelekea chini?"

"Kitaalamu hauna ubaya wowote. Kile watu wanachokiita kina, sisi tunakiita upana."

"Na upana wenyewe, ule wa pembeni?"

"Huo tunaufuta, Mheshimiwa. Vinabaki viwili vile vile."

Waziri alifikiri. Ilisikika sauti yake akitafuna kitu. "Safi kabisa! Ndiyo maana nakupendekeza. Mzike mama yako katika urefu na upana unaokwenda chini. Nimeidhinisha."

Profesa alitabasamu. Kwa muda kidogo alisahau kabisa yuko msibani. Hoja ilikuwa nzuri, ilikuwa imenyooka, angeweza kuifundisha. Alikuwa ameteremka nusu ya kichuguu alipogundua alichoidhinishiwa. Kaburi lenye urefu na kina, lakini lisilo na upana wa pembeni, ni mstari chini. Halipitishi hata wembe. Akapanda tena.

"Mheshimiwa, samahani. Itahitajika nafasi kidogo pembeni."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ya mwili. Alikuwa amekonda sana, Mheshimiwa."

"Profesa," sauti ya Waziri sasa ilikuwa ya hotuba, "wewe ndiye uliyelifundisha taifa hili kwamba kipimo ama kipo ama hakipo. Hakuna kidogo. Leo unataka kuturudisha kwenye giza kwa ajili ya bibi mmoja? Ijumaa Mtukufu anatangaza baraza. Usiniangushe." Simu ikakatwa.

Aligeukia makaburini, akaona watu wameshachoka kumngoja. Udongo ulikuwa unaruka. Shaweji na vijana wawili walionekana kuanzia kiunoni kwenda juu, wengine wakiwa wamesimama pembeni wakipokezana majembe, na Mkaguzi Kibaja akihangaika huku na huku na debe lake la chokaa. Alimkimbilia Profesa.

"Profesa, nifanyeje? Wale wako mahali pasipokuwepo. Ni lazima niwakamate. Lakini nikiwakamata itabidi niwaingie huko, na mimi pia nitakuwa..." Alilihamishia debe mkono wa pili. "Niambie wewe. Wewe unaona nini?"

Watu wote wakaacha kazi. Hata Shaweji aliegemea jembe. Hapo ndipo palipokuwa na nafasi, ndugu zangu, palipokuwa na upenyo mpana wa mtu kupita na heshima yake yote. Profesa Shekiondo aliwatazama wale wachimbaji, akamtazama Mkaguzi, akaondoa miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Naona watu wafupi," alisema.

Mkaguzi alivuta pumzi kama aliyetuliwa mzigo. "Wafupi. Ni kweli kabisa, Profesa. Kijiji hiki kina watu wafupi." Akaenda kuketi kwenye jiwe, akiwa amewapa mgongo, na watu wafupi wakaendelea kufupika.

Wanakijiji hawakucheka. Wapo waliomtazama Profesa kwa shukrani, wakidhani amefanya hivyo kwa ujanja, kuwanusuru wote. Mama mmoja kwenye kundi la wanawake lililosimama mbali alisema, "Kumbe bado ni mtoto wa Zahabu." Profesa alisikia, akajisikia vizuri. Alianza kuamini kwamba ndivyo alivyokusudia.

Kisha Shaweji akatoka kaburini, akajipangusa udongo magotini, akaja kusimama mbele yake.

"Tumechimba kwa kukisia. Njoo ushuke tuone kama linakufika kifuani, halafu umpokee mama yako."

Machela ililetwa ukingoni. Sanda ilikuwa nyeupe, na ndani yake mtu alikuwa mdogo sana, kama amejikunyata. Profesa alisogea mpaka pale. Harufu ya udongo mbichi ilimpanda puani, akakumbuka miguu ya baba yake ilivyokuwa baridi mikononi mwake, na kwamba mama yake alikuwa amesimama ukingoni namna hii akimtazama yeye, si maiti. Mkono wake ukaenda kwenye kifungo cha juu cha koti. Akakifungua.

Mkaguzi Kibaja, kule kwenye jiwe, aligeuka. Hakugeuka kwa ubaya. Alitaka tu kujua kama shughuli imekwisha. Lakini kamera ya Mamlaka ilikuwa inaning'inia kifuani kwake, ikigeuka naye, na Profesa aliiona. Aliuona uwanja wenye watu, akaliona baraza jipya limeketi, akajiona yeye mwenyewe kwenye gazeti, mwasisi wa sheria, mtu mrefu ajulikanaye na nchi nzima kwa urefu wake, ametokeza kuanzia kifuani tu katikati ya ardhi tupu. Hakuna ambaye angesema huyo ni mfupi.

Akakifunga kile kifungo.

"Hemedi," alisema Shaweji, taratibu. "Shuka."

"Nishuke wapi?" alijibu Profesa Shekiondo. "Mimi sioni pa kushukia."

Aliyasema kwa sauti ya darasani, wazi, kila mtu asikie. Mwanamke yule aliyemsifu alivuta kanga yake usoni. Jua lilikuwa limefika utosini na nzi walikuwa wameanza kuja, na waliobeba machela walikuwa wanabadilisha mikono kwa kuchoka.

Shaweji alimtazama kitambo, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Kisha akavua kandambili zake, akashuka yeye. Kwa kuwa walikuwa wamekisia kifua cha mtu mrefu, ardhi ilimfika kidevuni, akalazimika kuinua mikono juu ya kichwa ili ampokee Bi Zahabu. "Njoo, mama," alimwambia, "njoo, mbuzi wangu hawatakusumbua tena." Akamlaza. Alichelewa kutoka, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, wala haikuwa pombe. Wakafukia.

Kwebamba, pole ya msiba hupewa aliyeshuka. Ndiye mfiwa, wengine wote ni wasindikizaji. Kwa hiyo watu wakajipanga, wazee, vijana, na wanawake waliosogea baada ya udongo kufunika, wakapita kwa Shaweji mmoja mmoja, wakamshika mkono uliojaa udongo, wakamwambia, "Pole, Shaweji. Pole kwa kufiwa na mama." Naye akaitikia, "Tumeshapoa." Profesa alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, amekwisha kunyoosha mkono wake, safi, mbele kidogo ya koti. Walipita. Si kwamba walimchukia au walimkunjia uso. Walimpita kama wapitavyo mahali pasipo na mtu.

Alibaki ameunyoosha ule mkono mpaka watu wote walipoondoka makaburini. Ndipo Mkaguzi Kibaja akaja, debe la chokaa kwapani, kitambaa cha maua begani, akaushika kwa mikono yake yote miwili na kuutikisa.

"Hongera sana, Profesa," alisema kwa dhati kabisa.

"Asante," akajibu Profesa. "Asante sana."